Fumbo la ubao wa mizimu: uoga ubaki kwenye ukurasa, sanduku libaki la kawaida

Swali: "Niko Lubumbashi, nimeshapata jiokashi chache, yale masanduku ya kutafutwa kwa GPS, nikiwa safarini, na sasa nataka kuficha ya kwangu. Ningependa fumbo lake liwe la kutisha kidogo, la mtindo wa ule ubao wa mizimu wenye herufi na kibao kinachotembea. Nilitunge vipi ili lifumbulike bila kuwa jepesi mno? Na sanduku lenyewe nilipambe namna gani?"

Ndugu msomaji, naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo linaloweza kukuletea taabu. Sanduku usilipambe hata kidogo. Fuvu la kuchora, kitambaa chekundu, vipande vya mshumaa, manyoya, kioo kidogo, chupa yenye maji ya rangi: mzungu wa kule Marekani akivikuta msituni atacheka na kupiga picha. Vikikutwa nyuma ya lupango (ua wa nyumba) la mtu kwenye mitaa yetu ya Kampemba au Katuba, watu wataita mchungaji, na baada ya mchungaji wataanza kumtafuta aliyeviweka. Na watakaoviona kwanza ni watoto, maana hakuna kinachojificha mtaani bila watoto kukijua. Unajua vizuri mtoto aliyeshikwa na "kitu cha mizimu" anavyoweza kuishia. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshutumu mtoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inaadhibu jambo hilo, lakini hasira ya kundi la watu haisubiri kusomewa kifungu. Basi woga wote uweke kwenye ukurasa wa fumbo, pale anaposoma mtu aliyeamua mwenyewe kucheza. Nje, sanduku liwe kitu kisichomshtua mtu.

Kwa wasomaji wasioujua mchezo: jiokashi ni chombo kilichofichwa, chenye daftari la kutia sahihi, na mahali pake hutangazwa kwa nambari za GPS. Ulianza Mei 2000. Marekani iliacha kuvuruga ishara za GPS kwa raia usiku wa kuamkia tarehe 2, na siku iliyofuata Dave Ulmer akaficha ndoo karibu na Beavercreek, Oregon. Jiokashi ya fumbo ni aina yenye alama ya kuuliza kwenye ramani: nambari zinazotangazwa ni za uongo, na za kweli zinapatikana kwa kufumbua. Kanuni ya Geocaching.com, tovuti ya mchezo huu, ni kwamba sanduku lisiwe mbali na nambari za uongo kupita kilomita 3.2, wala lisiwe karibu na sanduku la mwingine chini ya mita 161.

Tuje kwenye ubao, ule ambao watu huweka vidole juu ya kibao wakingoja mizimu iwajibu herufi kwa herufi. Asili yake ni dukani: hati ya uvumbuzi ilitolewa kwa Elijah Bond huko Marekani tarehe 10 Februari 1891, ukauzwa Baltimore kama mchezo wa sebuleni. Jina lake la dukani, Ouija, ni alama ya biashara ya kampuni ya Hasbro, kwa hiyo usiliweke kwenye kichwa cha jiokashi yako. "Ubao wa Usiku" linatosha. Kibao kinachotembea huitwa planchette, Kifaransa cha kibao kidogo, na kinachokisukuma ni misuli ya wenye vidole juu yake bila wao kujua. Daktari Mwingereza William Carpenter aliipa hali hiyo jina mwaka 1852, kabla ubao wenyewe haujauzwa.

Sasa angalia ulivyopangwa. Upinde wa juu una A hadi M, wa chini una N hadi Z, kumi na tatu juu ya kumi na tatu. Chini yake kuna tarakimu 1 hadi 9 na 0, kisha neno KWAHERI, na pembeni "ndiyo" kwa jua na "hapana" kwa mwezi. A iko juu ya N, B juu ya O, M juu ya Z. Mchezaji wa jiokashi akitulia ataona kitu anachokijua: huo ndio ufunguo wa ROT13, yaani kubadilishana herufi kwa hatua 13, ambao kwa miaka mingi tovuti imeutumia kuficha dokezo la kila jiokashi. Ubao wa 1891 na dokezo la jiokashi vina mchoro mmoja. Hapo ndipo fumbo lako lijengwe, hakuna haja ya kutafuta mbali.

ROT13 peke yake ni nyepesi mno, hasa kwa Kiswahili. Karibu kila neno letu linaisha kwa irabu, na irabu A, E, I, O, U zikigeuzwa zinakuwa N, R, V, B, H. Ukiandika SITA TANO MOJA kwa kugeuza, mtu ataona maneno yote yanaishia na herufi hizo tano na atamaliza kabla chai haijapoa. Kwa hiyo maneno yasitaje nambari. Yawe majibu ya mizimu yenye maana yake, na tarakimu itoke kwa kuhesabu: katika neno la kweli, herufi ngapi zinakaa kwenye upinde wa chini? Upinde wa juu uuite mchana, wa chini usiku. Kila neno linatoa tarakimu moja.

Kwanza punguza kazi. Digrii na dakika nzima (dakika hapa ni sehemu ya 60 ya digrii) zitangaze wazi, ufiche desimali tatu za kila upande. Lubumbashi iko kwenye S 11° na E 027°, basi ukurasa uandike S 11° 40.ABC E 027° 28.DEF. Dakika moja ni kama kilomita 1.84 kwa kwenda kusini na 1.82 kwa mashariki, hivyo mraba wa dakika moja unaobaki kutafutwa haufiki hata kilomita 2.6 pembe mpaka pembe. Ukiweka nambari ya uongo ndani ya mraba uleule, kanuni ya kilomita 3.2 imetimia yenyewe.

Tuseme nambari za kweli ni S 11° 40.275 E 027° 28.063. (Nimezitunga, usipande pikipiki kwenda huko.) Tunahitaji maneno ya 2, 7, 5, 0, 6 na 3. Ukurasa ungekuwa hivi:

Ninyi ni nani? — ZVMVZH
Mliondoka saa gani? — HGHFVGHFV
Mliacha nini nyuma? — HGHCH
Nani aliwasindikiza? — ZNYNVXN
Siku hiyo kulinyesha nini? — ZNALHALH
Mtarudi lini? — HFVXH
Kibao kikaenda 2, kikaenda 3, kikateremka hadi KWAHERI.

Ukigeuza juu na chini unapata MIZIMU, UTUSITUSI, UTUPU, MALAIKA, MANYUNYU, USIKU. Hesabu herufi za N hadi Z: mizimu ina Z na U, ni 2. Utusitusi ina saba. Utupu yote ni usiku, 5. Malaika hana hata moja ya usiku, 0, na sidhani kuna mtunzi angepanga vizuri kuliko alfabeti ilivyojipangia. Manyunyu 6, usiku 3. Jumla ni 23, ndiyo ile 2 na 3 ya mwisho. Hiyo jumla usiiache. Inamwambia mfumbuzi kwamba amefika, bila kumpa jibu.

Maana ya maneno nayo ni kinga. "Nani aliwasindikiza? Malaika" inaingia, kwa hiyo aliyekosea herufi moja anajigundua. Chagua maswali baada ya maneno, si kabla. Akiba kwa tarakimu zako: 0 malaika, 1 jini au giza, 2 mizimu au kaburi, 3 roho au usiku, 4 popo au upepo, 5 utupu au unyoya, 6 manyunyu, 7 utusitusi, 8 potopoto, ile tope yetu, na kwa 9 ilinibidi kutumia maneno matatu, UPEPO WA NYOTA.

Makosa ya kutunga ni mengi kuliko unavyodhani. La kwanza: neno lenye nusu juu na nusu chini, kama SIRI, linatoa 2 ukiligeuza na 2 usipoligeuza. Yakiwa hivyo matatu au manne, mtu atafika sandukuni bila kuona siri yoyote. Katika mfano wetu asiyegeuza anapata 420 na 722, jumla 17, na anajua kuna kitu kimekataa. La pili: tahajia ya kwetu. Mtu wa Lubumbashi anasema musitu, musumari. Mwingine anaandika msitu, msumari. U iko upinde wa chini, hivyo msitu ni 3 na musitu ni 4, na mfumbuzi "atalisahihisha" neno lako kichwani kabla ya kuhesabu. Epuka maneno yanayoanza na m- ya namna hiyo. Maneno ya u- hayana shida: hata mtu akisema busiku au butupu, B iko juu, hesabu haibadiliki. La tatu: usiondoe Q na X kwa sababu Kiswahili hakizitumii. D ikigeuzwa ni Q, K ikigeuzwa ni X. Ukiziondoa ubao unabaki na herufi 24 na pea kadhaa zinahama.

Madokezo mawili yaingie kwenye hadithi fupi ya juu ya ukurasa, sentensi nne au tano si zaidi. La kugeuza: "Wafu wanalala chini yetu, kila mmoja chini ya mwenzake aliye hai." La kuhesabu: "Mchana si wetu. Tuhesabu usiku tu." Kwenye nafasi ya dokezo andika "Unavyonisoma sasa, ndivyo uwasome na wao", kwa kuwa dokezo lenyewe linafunguliwa kwa ROT13. Hadithi isiwaelekeze watu kuita mizimu, kuwasha mishumaa wala kutaja jina la marehemu wa kweli. Ni tamthilia, na iseme hivyo mwishoni kwa mstari mmoja.

Kuchora ubao. Karatasi A4 iliyolala, milimita 297 kwa 210. Weka kitovu katikati ya upana, milimita 20 juu ya ukingo wa chini. Upinde wa juu uwe na nusu kipenyo cha milimita 150, wa chini 120, zote kwa kitovu kilekile, kila mmoja ukifungua digrii 120. Herufi 13 zina nafasi 12 kati yake, basi ni digrii 10 kila moja: A kwenye digrii 150, M kwenye 30. Kitovu kikiwa kimoja, N inakaa sawasawa chini ya A, na jicho linaona pea bila kuambiwa. Wanaochora pinde mbili kwa macho hupata N iliyoangukia kati ya A na B, na fumbo zima linakufa hapo. Tarakimu ziende mstari mnyoofu milimita 35 juu ya kitovu, KWAHERI milimita 12. Jua na mwezi viache nafasi yao ya asili: weka jua juu kabisa ya pinde zote, mwezi chini karibu na KWAHERI. Ubao ni wako, na hilo nalo ni dokezo.

Tumia herufi nyeusi kwenye rangi ya mbao hafifu. Dhahabu juu ya nyeusi inapendeza kwenye kompyuta yako, ila kwenye simu ndogo chini ya jua la Septemba haisomeki. Picha isizidi kilobaiti 300, watu wananunua mega kwa pesa. Na ukiweka picha ya mahali ulipoficha, kumbuka simu huandika nambari za GPS ndani ya faili. Piga picha ya skrini ya ile picha, upandishe hiyo. Vinginevyo umetoa jibu pamoja na swali.

Sanduku. Miongozo ya Marekani inasifu kasha la chuma la risasi. Kwetu hapana, kabisa, na sihitaji kueleza. Chuma chochote kitaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Chukua kopo la plastiki linaloonyesha ndani, la lita 1, lenye vishikizo vinne na mpira kwenye kifuniko. Ndani weka: daftari dogo ndani ya saché (mfuko wa plastiki) yenye zipu, penseli mbili (biki hukauka au humwaga wino), pakiti mbili za silika zile za kwenye maboksi ya viatu, na ubao wako uliopunguzwa asilimia 50, maana A4 ikipunguzwa nusu ni A6 kamili. Upeleke ukafunikwe plastiki pande zote, ukingo wa plastiki ubaki milimita 5 kuzunguka. Ukiukata sawasawa na karatasi, maji huingia mvua ya Novemba ikianza. Wengine huweka mchele kuzuia unyevu. Mchele unaita panya.

Kibao nacho nakushauri ukichonge kwa umbo la msalaba wa shaba wa Katanga, ile croisette iliyokuwa pesa zamani na ambayo unaweza kuiangalia kwenye Musée National pale mjini. Mikono minne, milimita 40 ncha hadi ncha, tundu la milimita 9 katikati la kuonyesha herufi moja. Ni alama ya kwetu, haimkumbushi mtu kitu cha uchawi. Usikitengeneze kwa shaba ya kweli, hata siku tatu hakitamaliza. Kata plastiki ngumu ya milimita 3 uipake rangi ya shaba. Tripleksi, yaani plaiwudi, inafaa ikiwa tu kopo halipitishi kitu. Nje ya kopo mchwa wa Katanga, wanaojenga vichuguu virefu kuliko mtu, hawataiachia hata wiki.

Juu ya kifuniko bandika, kwa Kiswahili na Kifaransa: "Huu ni mchezo. Hakuna pesa, hakuna dawa, hakuna hatari. Fungua uangalie, kisha urudishe", na nambari ya simu ya kwako inayopokelewa. Maandishi hayo na plastiki inayoonyesha ndani ndiyo yatakayoliokoa sanduku siku mlinzi atakapolikuta.

Mahali pa kuficha pawe na mwenyewe aliyekubali: bustani ya hoteli, ua wa mgahawa, uwanja wa taasisi fulani. Kukubali kwa mdomo hakutoshi, pata karatasi yenye sahihi na muhuri, na umjulishe mlinzi wa mchana na wa usiku. Ukurasa usitangaze biashara yake wala kumlazimisha mtu kununua soda. Usiguse shule, reli, nyaya na vituo vya umeme, kambi, uwanja wa ndege, maeneo ya migodi. Makaburi yanavutia kwa fumbo kama hili. Yaache, kuna familia zinakwenda pale kulia. Kichuguu pia kiache: kina mchwa, kina nyoka, na kina watu wanaokiheshimu. Usichimbe. Kanuni za mchezo zinakataza, na Lubumbashi anayeonekana na jembe mahali pasipo shamba huulizwa anatafuta madini gani. Andika wazi kwamba jiokashi hii ni ya mchana tu, kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, hata kama kichwa chake kinasema usiku.

Nambari zipime mwenyewe, kwa WGS84, mfumo wa ramani unaotumiwa na GPS. Chukua vipimo kumi, vitano siku moja na vitano siku nyingine, ufanye wastani. Chini ya mwembe mkubwa simu hukosea zaidi kuliko mahali wazi. Simu nyingi hutoa digrii za desimali, mfano -11.67125. Chukua 0.67125 uzidishe kwa 60, unapata 40.275, na alama ya kutoa inageuka S. Kuna wanaoandika 11° 67.125, ilhali dakika haziwezi kufika 60. Na ukisahau S ukaacha N, mfumbuzi atapelekwa Sudani. Kosa la 1 kwenye desimali ya mwisho ni mita mbili hivi, haliumizi. Kwenye desimali ya kwanza ni mita 180 na zaidi, yaani lupango la mtu mwingine.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kutangaza, angalia jibu la asiyegeuza linaangukia wapi. Katika mfano wetu, 40.420 na 28.722 ni zaidi ya kilomita moja kutoka penye sanduku. Likiangukia kwenye nyumba ya watu au kambi, badilisha neno moja au mawili. Washa pia kikagua jibu cha tovuti, ili watu wajihakikishie wakiwa wamekaa nyumbani badala ya kuzungukazunguka mtaani na simu mkononi.

Kwenye vipimo vya ukurasa, vya 1 hadi 5, ugumu wa fumbo weka 2.5, ugumu wa ardhi 1.5. Wape ubao watu wawili kabla ya kuutuma: mmoja anayejua Kiswahili lakini hajawahi kusikia jiokashi, mwingine mchezaji asiyejua Kiswahili, maana wageni wanaopita Lubumbashi ndio watakuwa wateja wako wengi. Wa kwanza akikwama kwenye kugeuza, ongeza nguvu dokezo la kwanza. Wa pili akipata UTUSITUSI na kudhani bado amekosea, mwandikie chini ya ukurasa kwamba mizimu ya hapa husema Kiswahili tu na kamusi inaruhusiwa.